Rangi za ndege za modeli: uliza imeyeyushwa kwa nini kabla ya kuuliza inaitwaje

Karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi la modeli hutaja rangi kwa namba: Humbrol 29 hapa, 30 pale, 90 chini ya mbawa. Haitaji jambo ambalo ndilo litakaloamua kama kazi itapendeza au itaharibika, yaani rangi hiyo imeyeyushwa kwa nini. Mtu akinunua kijani cha kampuni moja, kahawia ya kampuni ya pili na vanishi ya kampuni ya tatu kwa kutazama kifuniko tu, anaweka rangi tatu zinazogombana juu ya kipande kimoja cha plastiki. Moja itakunjamana, nyingine itabanduka na tepu, ya tatu itanata wiki nzima.

Kwa hiyo chagua aina kwanza, halafu thina yake, kisha ndiyo uangalie jina la rangi. Mfano wetu ni Spitfire Mk I, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kiangazi cha 1940, kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi. Ni ndege ndogo, inapatikana kwa bei nafuu, na rangi zake tatu kubwa zinafundisha karibu kila kitu.

Aina ni nne, ingawa lebo zinasema tatu

Fundi rangi wa nyumba anajua rangi ya maji na rangi ya mafuta. Fundi wa magari ataongeza NC, yaani laka ya selulosi. Kwenye modeli mgawanyo ni huohuo, ila akriliki imejigawa mara mbili, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Akriliki ya maji ni kama Vallejo, ile ya chupa ya plastiki yenye mdomo wa kudondoshea. Hainuki, brashi inaoshwa kwa maji, na ukikosea unafuta kabla haijakauka. Udhaifu wake ni kushika. Haiumi plastiki, inalala juu yake kama ngozi nyembamba, na ukivuta tepu ngozi hiyo inaondoka nayo. Ndiyo maana aina hii haipakwi bila praima. Usiitilie spiriti wala thina ya laka: itakatika palepale kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na eabrashi, yaani kile kipulizio kidogo cha rangi, itaziba.

Akriliki ya spiriti ni Tamiya za X na XF, pamoja na zile za Mr. Hobby zenye herufi H. Lebo inasema akriliki, watu wakadhani ni ndugu wa Vallejo, lakini ndani yake mna alkoholi. Kwenye Tamiya, X ni rangi ya kung'aa na XF ni isiyong'aa. Thina yake ni X-20A. Alkoholi safi ya isopropili nayo inafaa, mradi usome chupa kwanza, kwa kuwa spiriti nyingine za duka la dawa zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi. Ikipulizwa ni rangi tamu kabisa. Kwa brashi ni taabu: mkono wa pili unalainisha wa kwanza na kuuburuta, matokeo yake ni mabaka na plastiki inayochungulia.

Rangi ya mafuta ni vikopo vya bati vya ml 14 vya Humbrol na Revell. Thina yake ni white spirit. Hukauka polepole, na upole huo ndio uzuri wake kwa mwenye brashi, kwani michirizi ya nywele hujisawazisha kabla rangi haijashika. Ipe saa 24 kabla ya mkono wa pili, na zaidi ya hapo kabla ya kubandika tepu. Malalamiko mengi dhidi ya rangi hii, kwamba inang'aa wakati kopo limeandikwa haing'ai, au kwamba haikauki, yanatokana na kutokoroga. Ule unga unaoondoa mng'ao hutuama chini ukawa kama tope. Kwangua chini kwa kijiti bapa, siyo cha mviringo, dakika 3 nzima, hadi kijiti kitoke bila donge.

Laka ni Mr. Color, Tamiya za LP, na makopo ya kupuliza ya Tamiya TS. Hii inauma plastiki kidogo na kujishikiza, hukauka kwa dakika chache, na ukiipiga msasa inatoka unga laini badala ya kubanduka. Harufu yake ni kali, na si harufu tu: ni mvuke unaodhuru. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haiuzuii hata kidogo. Inatakiwa ile ya vichujio vya mvuke wa kemikali, madirisha wazi, na pasiwepo jiko la mkaa, mshumaa wala sigara chumbani. Kama huna barakoa hiyo au unaishi na watoto kwenye chumba kimoja, laka si rangi yako, na hutakosa kitu: Spitfire nzuri hutoka kwa brashi na rangi nyingine.

Thina ya NC ya gereji inavutia kwa bei, lakini ni kali kupita kiasi kwa plastiki ya modeli. Hulainisha uso, mistari ya paneli, ile myembamba inayoonyesha maungio ya mabati, ikayeyuka na kupotea. Isafishie eabrashi, basi. Ya kuchanganyia rangi iwe Mr. Color Leveling Thinner au ile ya laka ya Tamiya.

Nini kinakaa juu ya nini

Kiyeyushi kikali hakipandi juu ya rangi dhaifu. Laka ikae chini, akriliki katikati, mafuta juu. Ukipuliza laka juu ya rangi ya mafuta, hata ya wiki nzima, thina hupenya, tabaka la chini linavimba, na uso wote unakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Hapo hakuna dawa ila kuivua rangi yote.

Kanuni hii inagusa pia ile rangi nyepesi ya kuingiza kwenye mistari ya paneli, ambayo mara nyingi ni ya mafuta na hufutwa kwa white spirit. Juu ya akriliki au laka haina shida. Juu ya Humbrol, kitambaa chenye white spirit kitaondoka na kijani chako pia. Kama ndege imepakwa rangi ya mafuta, iache ikauke siku kadhaa, ifunike kwa vanishi ya akriliki ya maji, ambayo haina kiyeyushi kikali cha kuidhuru, ndipo uguse mistari.

Hewa ya mahali unapopakia

Maelekezo ya kwenye lebo hayakuandikwa kwa ajili ya Tanga mwezi wa nne. Pwani wakati wa masika, laka hupata ukungu mweupe muda mfupi baada ya kupulizwa. Thina inapovukiza hupoza uso wa modeli, na unyevu wa hewani unatua juu yake kama jasho la glasi ya maji baridi. Usipake rangi nyingine juu ya ukungu huo. Puliza Leveling Thinner tupu, nyepesi, kwa mbali kidogo. Inailainisha rangi upya, unyevu unatoka, ukungu unafutika. Siku ya mvua acha kabisa kupuliza laka, na siku nyingine fanya kazi kuanzia saa nne asubuhi hewa ikishapata joto.

Dodoma tatizo ni kinyume chake. Joto kavu hukausha akriliki ikiwa bado angani, ikatua kama vumbi na kuacha uso mkwaruzo. Vallejo nayo huganda kwenye ncha ya sindano kila baada ya dakika moja au mbili. Ongeza matone 2 ya kichelewesha ukaukaji kwenye kikombe, sogea karibu, punguza mgandamizo, na futa ncha kwa brashi yenye thina kabla haijaanza kutema.

Lipo na suala la kuzifikisha nyumbani. Rangi zinazowaka haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, nazo ni Humbrol za bati, laka zote, makopo ya kupuliza, na hata Tamiya za XF kwa sababu ya ile alkoholi. Shemeji anayerudi kutoka Muscat au London usimwagize hizo. Zitachukuliwa uwanjani na yeye ataulizwa maswali. Akriliki ya maji haiwaki, kwa hiyo ndiyo ya kuagiza kwa njia hiyo, ndani ya begi la kupakiwa na mifuniko ikiwa imezungushiwa tepu. Kwa wasomaji wengi wa huku kwetu, sababu hii peke yake inatosha kuchagua aina.

Brashi au kupuliza

Kwa brashi, chukua rangi ya mafuta ukiweza kusubiri, au Vallejo usipoweza. Brashi iwe bapa, laini, upana wa mm 6 hadi 8 kwa mbawa, na ya ncha namba 1 kwa pembe. Mimina rangi kwenye kisahani, usichovye koponi. Mkono wa kwanza utaonekana mbaya, wenye madoa na uwazi; uache hivyo. Anayerudia palepale kuziba uwazi ndiye anayepata mawimbi. Mikono 3 myepesi, kila mmoja ukikatisha mwelekeo wa uliotangulia, inazidi mmoja mzito kwa kila hali.

Kwa eabrashi, anza na mgandamizo wa hewa wa psi 15 na umbali wa sm 8 hadi 10. Tamiya XF changanya sehemu 1 ya rangi kwa 1 ya thina, Mr. Color sehemu 1 kwa 2. Uwiano huo ni wa kuanzia tu, kwa kuwa chupa iliyokaa mwaka mmoja ni nzito kuliko mpya. Kipimo cha kweli ni ukuta wa kikombe. Pandisha mchanganyiko ukutani kwa kijiti, kisha tazama unavyoshuka. Ukiteremka kwa mkupuo mmoja na kuacha ukungu mwembamba wa rangi nyuma yake, kama maziwa mabichi kwenye glasi, ni sawa. Ukishuka kwa kusitasita ukaacha utando mzito, huo ni mtindi, utakupa uso wa ganda la chungwa. Ukishuka na kuacha ukuta mtupu, umezidisha thina. Rangi itakimbia na kutengeneza buibui pembezoni.

Rangi za Spitfire yenyewe

Kabla ya kununua, jua tarehe ya ndege unayoijenga. Jeshi la anga la Uingereza lilibadili rangi za ndege zake za kivita mara kadhaa ndani ya miaka miwili. Hadi mwanzoni mwa Juni 1940 tumbo la Spitfire lilikuwa limegawanywa, upande mmoja mweusi na mwingine mweupe. Mwezi huo tumbo lote likaamriwa kuwa Sky, ile rangi iliyopauka kati ya kijani na bluu, kama ganda la yai la bata. Mshipi wa Sky karibu na mkia na pua ya propela ya Sky vilikuja mwishoni mwa mwaka huo. Agosti 1941 kahawia ya mgongoni ikaondolewa, ikaingia Ocean Grey, na tumbo likawa Medium Sea Grey. Modeli ya Julai 1940 yenye mshipi mkiani imekosewa hata kama kila kivuli cha rangi ni sahihi.

Kwa kiangazi cha 1940, basi, mgongo ni Dark Earth (kahawia) na Dark Green (kijani), tumbo ni Sky. Humbrol ni 29, 30 na 90, na chumba cha rubani ni 78. Kwa Tamiya, kijani ni XF-81, kahawia ya karibu ni XF-52, na Sky ni XF-21. Hiyo XF-21 kwa macho yetu imeelemea kijani. Tone 1 la nyeupe kwa matone 5 huituliza. Usihangaike kupita hapo, kwa maana mwaka huo Sky yenyewe iliadimika, na vikosi vingine vilijichanganyia rangi vyenyewe kwa vilivyokuwepo. Hakuna Sky moja ya Juni 1940 ya kuifikia.

Kinachostahili kuhangaikiwa ni wepesi wa rangi. Rangi ileile iliyopakwa kwenye ndege halisi huonekana nzito na ya giza mno kwenye modeli ya sm 13, kwa sababu ndege halisi tunaitazama kwa mbali, na hewa iliyo katikati huipausha. Katika 1/72 pausha kwa takriban asilimia 10 hadi 15. Katika 1/48 chini ya hapo. Kosa la kawaida ni kutia nyeupe kwenye kila kitu. Dark Green ukiitia nyeupe inageuka kijani cha dawa ya meno. Ipaushe kwa rangi ya mchanga, tone 1 kwa 8, na Dark Earth vivyo hivyo. Sky haihitaji zaidi ya ile nyeupe iliyotajwa. Nyeusi tupu usiitumie popote isipokuwa pembe za ndani kabisa; matairi na mapanga ya propela yapendeza kwa XF-69, ambayo ni nyeusi iliyopoa.

Ncha za propela ni njano, inchi 4 kwenye ndege halisi, yaani mm 1.4 kwenye hii. Paka ncha nyeupe kwanza, kisha njano juu yake. Njano haifuniki nyeusi hata uipake mara sita.

Watu huuliza sana kama mpaka kati ya kahawia na kijani uwe wa kufifia au wa kukata. Piga hesabu: mpaka uliofifia kwa inchi 1 kwenye ndege halisi unabaki thuluthi moja ya milimita hapa. Jicho halitauona. Mwenye brashi aliyekata mpaka wake kwa mkono uliotulia yuko sahihi zaidi kuliko mwenye eabrashi aliyeacha ukungu wa mm 3.

Mpangilio wa kazi

Osha fremu za vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kukata chochote, kwa kuwa kiwandani plastiki hubaki na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu. Paka chumba cha rubani kabla ya kufunga mwili. Ukishaunganisha na kupiga msasa wa 1000, paka praima ya kijivu. Mr. Surfacer 1200 ni nzuri, ila ni laka na yale ya barakoa yanahusika. Wa akriliki atumie praima ya Vallejo na kuiacha saa 24. Praima ina kazi ya pili: inaonyesha mfereji kwenye maungio ambao plastiki tupu ilikuwa ikiuficha.

Anza na Sky, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Funika tumbo kwa tepu ya modeli, ukiipunguza gundi kwanza kwa kuibandika kiganjani mara mbili. Paka Dark Earth mgongo mzima, kisha Dark Green kwa kufuata mchoro. Vua tepu siku hiyohiyo rangi ikishakuwa kavu kwa kugusa, ukiikunja kurudi nyuma badala ya kuivuta juu.

Baada ya hapo inakuja vanishi ya kung'aa, hatua ambayo wanaoanza huiruka na kuijutia. Stika za maji, yaani alama za ndege zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, zikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa kwenye vinyweleo vyake, na kila stika inapata mng'ao wa fedha pembeni. Juu ya uso laini hewa haina pa kukaa. Stika zikishakauka usiku mzima, paka vanishi nyingine nyepesi, ingiza rangi ya mistari, futa, umalize kwa vanishi isiyong'aa.

Rangi yoyote mpya au mchanganyiko mpya upitie kijiko cha plastiki kwanza. Mgongo wa kijiko umejipinda kama mwili wa ndege, na unaweza kukipaka praima, rangi, stika iliyobaki na vanishi kwa mpangilio uleule. Kiache hadi kesho yake, kisha bandika tepu na kuivua. Andika kwenye mpini kwa kalamu: matone mangapi ya nini, thina gani, tarehe.

Zisizo za kijeshi, na za kisasa

Ndege za abiria zina sheria zao. Anayejenga Super VC10 ya East African Airways atakutana na nyeupe, rangi ngumu kuliko zote. Nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa modeli ikikaa kabatini gizani, kwa hiyo tumia laka au akriliki. Weka juu ya praima nyeupe au kijivu kilichopauka sana, na ujenge kwa mikono 4 au 5 ya kupuliza, kila mmoja mwembamba. Sehemu za bati tupu zahitaji laka ya metali kama Alclad II juu ya nyeusi ya kung'aa iliyo safi kabisa. Hapo kila mkwaruzo wa msasa utaonekana, kwa hiyo maliza na msasa wa 4000 kabla ya nyeusi.

Kwa jeti za Marekani utakutana na namba za FS (Federal Standard, orodha ya rangi ya serikali ya Marekani), kwa mfano FS 36375. Tarakimu ya kwanza ni mng'ao: 1 inang'aa, 2 kidogo, 3 haing'ai. Ya pili ni kundi la rangi, na 6 ni kijivu. Tatu za mwisho hupanda kadiri rangi inavyokuwa nyepesi, kwa hiyo 36118 ni kijivu kizito na 36375 ni kilichopauka. Ukikosa rangi yenye namba kamili, unajua angalau utafute upande gani.

Kichupa cha ml 10 kinatosha Spitfire kadhaa za 1/72, hivyo kitakaa nawe muda mrefu. Kabla ya kukifunga, futa mdomo na uzi wa kifuniko kwa kitambaa chenye thina ya aina ileile. Rangi iliyokauka kwenye uzi huzuia kifuniko kukaza, hewa inaingia, na safari ijayo unakuta mpira. Vikopo vya bati gonga kifuniko pembeni pande zote kwa kipande cha mbao, kisha vigeuze juu chini kwa sekunde chache ili rangi yenyewe izibe ukingo.